Tupeane uzoefu: umewahi kufungiwa akaunti na programu unayofanyia kazi?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mwaka wa tatu huu nabeba abiria kwa programu. Juzi alfajiri nawasha simu, nakuta maandishi mekundu: akaunti imesitishwa. Sababu hakuna. Huduma kwa wateja ni roboti, linanijibu yale yale. Kwenye mkataba eti mimi ni "mshirika huru". Nauli wanapanga wao, kamisheni wanakata wao, nikikataa safari mbili tatu simu inanuna mchana kutwa. Mliopitia haya, mlijinasuaje?

#2
Pole sana. Mimi nasambaza chakula kwa pikipiki. Niliteleza kwenye mvua, goti likavimba, supu ikamwagikia begi zima. Ujumbe wa kwanza kuingia uliuliza oda iko wapi. Wiki mbili ndani, bima hakuna, na nyota zikashuka juu yake.

#3
Mimi sitaki ajira jamani. Nimekoromewa na mabosi vya kutosha. Huku nikichoka nazima simu, nalala.

#4
#3, mbona vyote vinawezekana? Madereva wa Uber Uingereza walishinda Mahakama ya Juu Februari 2021. Majaji hawakuhangaika na jina lililo kwenye mkataba, waliangalia nani anapanga nauli na nani anaweka masharti. Wakawapa daraja la kati: si waajiriwa kamili, ila wana kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Simu bado wanazima wenyewe. Ubishi ukabaki kwenye muda wa kusubiri abiria. Mahakama iliuhesabu kuwa kazi, kampuni ikasema italipa kuanzia safari inapokubaliwa. Na sote tunajua tunavyosubiri!

#5
Mleta mada, mimi nilifungiwa nikafunguliwa. Piga picha za skrini kabla hawajakufutia historia, kisha andika barua pepe uombe sababu kwa maandishi. Usipige simu. Siku ya tisa nikajibiwa na binadamu: picha ya uso haikulingana. Kumbe nilikuwa nimenyoa ndevu! Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 kwamba kumfungia mtu akaunti kuamuliwe na binadamu, nchi wanachama zina hadi Desemba 2026 kuitekeleza. Sisi wengine tupambane na roboti kwanza.

Mleta mada
Ndevu?! Mimi nimenyoa kipara Jumapili. Ngoja niandike hiyo barua pepe.