Aliyepakia video si mwimbaji: marejeo ya muziki yanavyoharibiwa kwenye tasnifu

Wanajukwaa, habari zenu. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajifanya kuwa sina. Tasnifu yangu, inayohusu mabadiliko ya upigaji wa gitaa, imerudishwa na idara kwa sharti kwamba kila rekodi niliyoisikiliza mtandaoni iandikwe upya kwa jina la chaneli iliyoipakia, na mwaka wa rejeo uwe mwaka wa kupakiwa. Sababu niliyopewa ni kwamba ndivyo APA, mwongozo wa uandishi wa marejeo tunaoutumia, inavyoagiza. APA haiagizi hivyo, na hilo linaniudhi kuliko hata kazi ya kurudia.

Chukueni rejeo moja kati ya yale yaliyokatwa kwa wino mwekundu. Ni wimbo uliotoka kwenye santuri. Video yenyewe haina cha ajabu, santuri inazunguka tu, lakini ukiisimamisha unaweza kusoma kila kitu kwenye karatasi ya duara iliyo katikati: jina la lebo (kampuni iliyotoa santuri), namba ya santuri, jina la wimbo, jina la mtunzi ndani ya mabano, kisha jina la bendi. Mwaka haukuandikwa pale, ila namba ile ndiyo iliyonifikisha kwenye katalogi ya lebo, na katalogi ikanipa 1968. Aliyeipakia video mwaka 2014 hakutia lolote la kwake ila jina la kubuni lenye tarakimu nne mwishoni. Sasa ninatakiwa sentensi yangu, inayosema kwamba gitaa la pili lilikuwa limekwisha kuanza kujibizana na la kwanza kabla ya miaka ya 1970, ifuatwe na mabano yenye jina hilo la kubuni na mwaka 2014! Msomaji makini atakuwa na haki ya kuuliza shahidi huyu wa 2014 ametoka wapi. Bendi nzima imefutwa, mtunzi amefutwa, na sifa amepewa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuweka sindano kwenye santuri. Idara hiyohiyo humwita mwanafunzi mbele ya kamati kwa wizi wa kitaaluma akisahau kumtaja mwandishi wa aya moja.

Tuje kwenye mwongozo wenyewe, kwa kuwa inaonekana unatajwa zaidi kuliko unavyosomwa. Toleo la 7 la APA, lililotoka mwaka 2019, kweli lina kanuni ya video za YouTube inayomtanguliza aliyepakia, lakini sababu yake ni kumwezesha msomaji kuipata video, na hapohapo mwandishi anaruhusiwa kutaja ndani ya matini mchango wa wahusika wengine akitaka. Rekodi za muziki zina kanuni yake ya pekee: msanii aliyerekodi ndiye hutangulia, isipokuwa katika muziki wa klasiki, ambako hutangulia mtunzi na waliorekodi hutajwa ndani ya mabano mraba; nacho kiungo huhitajika pale tu ambapo rekodi haipatikani kwingine. Chicago na MLA, miongozo mingine ya marejeo, zinampa mwandishi uhuru zaidi, kwani anaweza kuanza na mtunzi, mwimbaji au kiongozi wa okestra kulingana na anayemzungumzia. Hakuna hata mmoja kati ya miongozo hii unaogeuza santuri kuwa video kwa sababu tu mtu ameipiga mbele ya kamera.

Kuhusu mwaka, ugumu ni wa kweli na siukatai. Rekodi moja inaweza kuwa na mwaka wa kurekodiwa, mwaka wa kutolewa, mwaka wa kusafishwa sauti na kutolewa upya, na mwaka wa kupakiwa. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni mara nyingi huonyesha mwaka wa toleo jipya, na mtu akiufuata bila kuuliza atamfanya marehemu aonekane ameingia studio baada ya kuzikwa. Kwenye majalada ya baada ya mwaka 1971 kuna msaada: P iliyo ndani ya duara hutangulia mwaka wa kuchapishwa kwa sauti yenyewe, ilhali C iliyo ndani ya duara huhusu maandishi na picha za jalada. Kutofautisha herufi mbili hizi hakuhitaji shahada.

Msomaji mmoja wa idara aliandika pembeni mwa nukuu ya mashairi: “Ukurasa wa ngapi?” Wimbo hauna ukurasa, una dakika na sekunde, na APA inasema wazi kwamba ndizo ziwekwe mahali pa ukurasa.

Kuna hatari nyingine ambayo idara haikuigusa kabisa. Wapo wanaopandisha au kushusha kidogo kimo cha sauti au kasi ya wimbo kabla ya kuupakia, ili mitambo inayotafuta ukiukaji wa hakimiliki isiutambue, na mtafiti anayepima mwendo au ufunguo wa wimbo kutoka kwenye nakala kama hiyo anapima ujanja wa mpakiaji. Ndiyo maana niliandika yote mawili: rekodi ya asili kwa lebo na namba yake, halafu kiungo cha nakala niliyoisikiliza pamoja na tarehe niliyoisikiliza. Video ikiondolewa kesho, namba ya santuri itabaki na msomaji ataitafuta kwenye maktaba ya sauti. Kwa utaratibu wa idara atabaki na kiungo kilichokufa na jina la mtu asiyejulikana. Wala Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za zamani, isichukuliwe kuwa dawa, maana mara nyingi huhifadhi ukurasa bila video yenyewe.

Nimeirudisha rasimu ikiwa na marejeo yale yale, nimeambatisha kanuni ya muziki ya APA, na nimeomba orodha ya rekodi itengwe na orodha ya vitabu. Kwa wale ambao tasnifu zao zimewahi kupitishwa zikiwa na diskografia (orodha ya rekodi za muziki) ya pekee, naomba mnieleze: ruhusa mliiomba kwa msimamizi au kwa kamati, na mliiomba kabla ya kuwasilisha rasimu au baada ya kutetea?