Baiskeli hadi Lushoto: gumzo la Wajukuu wa Bi Mwanahija

Jumapili usiku

Zuhura: Asalaam alaykum wote. Shikamooni wakubwa. Mie na Baba Rayyan tumeshaamua. Shule zikifungwa mwezi wa sita tunakwenda Lushoto kwa baiskeli, sisi wawili na Rayyan na Salma. Naomba dua, kisha naomba ushauri.

Shangazi Mwanaisha: Waalaykum salaam. Marahaba. Lushoto ipi? Hii hii ya juu?

Zuhura: Kwani ipo nyingine shangazi?

Shangazi Mwanaisha: Nauliza tu mwanangu. Maana mabasi yapo pale Kange, tena yana viti.

Hamadi: 😂😂😂

Baba Rayyan: Shikamoo shangazi. Watoto wa Tanga wamezaliwa juu ya baiskeli lakini kilima hawakijui. Kwao mlima ni kutoka ufukweni Raskazone mpaka barabarani. Tunataka waone.

Shangazi Mwanaisha: Si waone kwa dirishani.

Mjomba Seif: Baiskeli gani mnazokwenda nazo?

Zuhura: Shikamoo mjomba. Mie ile ya mtumba yenye gia. Rayyan naye ya gia. Salma ile ndogo uliyomtengenezea. Baba Rayyan anakwenda na Phoenix ya marehemu baba yake, ile haina gia.

Mjomba Seif: Marahaba. Phoenix kwa mlima wa Mombo, basi Baba Rayyan atafika kwa miguu.

Baba Rayyan: Mjomba, wazee walipanda nazo hizo hizo.

Mjomba Seif: Walizikokota, bwana. Walikuwa wanashuka na mizigo ya kuuza na wanapanda wanasukuma. Nisikilize. Mombo ipo kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto ni kama 1,400. Katikati pana kilomita 33 hivi. Kwa hiyo kila mita 100 unazokwenda umepanda mita 3. Ukisikia mita 3 unacheka. Kwa jicho hata hazionekani, barabara unaiona kama imelala, lakini paja linajua. Na hizo ni za wastani tu, zipo kona ambapo ni zaidi ya hapo. Ilete Phoenix kibandani nikufungie friwili yenye meno mengi kidogo nyuma. Itakuwa nyepesi kupanda, ila tambarare utachezesha miguu kama cherehani. Uchague.

Baba Rayyan: Nitaileta kesho mjomba.

Hamadi: Kwa nini msiende Amani? Ni karibu, unafika Muheza unakata kulia, hamna malori. Msitu mtupu mpaka juu. Watoto wangeona mto Zigi, ambao maji yake ndiyo wanayokunywa kila siku kutoka bwawa la Mabayani.

Zuhura: Amani tuliifikiria. Ila barabara ya vumbi ile mvua ikinyesha ni utelezi, na masika huwa yanachelewa kuondoka kule juu. Halafu Salma ameshawaambia darasa zima kuwa anakwenda Lushoto.

Hamadi: Basi hapo hamna mjadala.

Mwana: Bibi yupo hapa, nimemsomea. Anasema yeye Mombo alikuwa anakwenda kwa treni ya abiria kutoka Tanga, mnapakia asubuhi na mihogo yenu ya kukaanga. Anauliza kwa nini msipande treni.

Zuhura: Mwambie bibi shikamoo. Treni ya abiria kutoka kwetu hapa haipo siku hizi bibi. Ingekuwepo tungepakia na baiskeli.

Mwana: Anasema marahaba. Anasema Mjerumani alianza kuchimbia reli hapa Tanga 1893, ikafika Mombo 1905, kwa hiyo nyie mwaka huu mnashindwa nini.

Shangazi Mwanaisha: Bibi na tarehe zake 🤣

Jumanne jioni

Mjomba Seif: Phoenix imekamilika. Sasa nataka tuzungumze njia. Zuhura, mmepanga kupitaje?

Zuhura: Siku ya kwanza Tanga mpaka Muheza, tunalala kwa mama mdogo. Siku ya pili Muheza, Hale, Segera mpaka Korogwe. Ya tatu Korogwe mpaka Mombo. Ya nne mlima.

Mjomba Seif: Ya kwanza sawa. Ya nne sawa. Ya pili na ya tatu sikubali.

Baba Rayyan: Mbona hiyo ndiyo tambarare mjomba?

Mjomba Seif: Ndiyo maana. Mie mlima siuogopi. Mlimani unakwenda mwendo wa kinyonga, ukianguka unachubuka goti. Naiogopa Segera. Pale barabara yetu ya Tanga inakutana na ile inayotoka Chalinze kwenda Moshi na Arusha. Kuanzia hapo mpaka Mombo kila basi linalokimbilia kaskazini na kila lori linapita mgongoni kwa mtoto. Lori likikupita kwa kasi, kwanza upepo unakusukuma nje, halafu unakuvuta ndani. Mtu mzima anayumba. Salma ana kilo ngapi?

Zuhura: Ishirini na nane.

Mjomba Seif: Haya.

Shemeji Mbelwa (Soni): Habari za jioni jamani. Nilikuwa shamba. Namuunga mkono mjomba. Mimi natembea hiyo njia kila mara, pembeni pale pengine lami imekatika kama ukingo wa kaburi. Pakieni baiskeli kwenye basi Muheza, mshuke Mombo. Kondakta mpatane naye mapema, msingoje ameshafunga mizigo.

Baba Rayyan: Lakini tukipakia basi tutasemaje tumekwenda Lushoto kwa baiskeli?

Shangazi Mwanaisha: Utasema umefika.

Zuhura: Mie nakubali. Baba Rayyan atakubali kesho asubuhi 🙂

Baba Rayyan: 🙄

Shangazi Mwanaisha: Na wewe Zuhura, utapanda na nini? Baibui na cheni havipatani. Nakumbuka mtu alivutwa pale Barabara ya Kumi na Mbili, kitambaa kimeingia kwenye meno, watu wakaja na kisu.

Zuhura: Nimeshona suruali pana za kuvaa ndani na gauni fupi la mikono. Mguu wa kulia nitaufunga kwa lastiki. Na mjomba ameniwekea kinga ya cheni.

Mwana: Bibi anauliza mtakula nini njiani.

Zuhura: Tende, ndizi, mihogo ya kuchemsha, na maji yenye chumvi kidogo na ndimu. Mwalimu mwenzangu anayekimbia mbio ndefu ameniambia tunywe kidogo kidogo kabla kiu haijaja.

Mwana: Anasema na bada mpeleke, ule ugali wa muhogo.

Zuhura: Bada kwenye keria bibi? 😂

Shemeji Mbelwa (Soni): Bebeni masweta. Narudia, masweta. Mwezi wa sita huku si Tanga. Kupanda mita elfu moja joto linashuka kama nyuzi 6, hapo bado hujahesabu ukungu na jasho lililokauka mgongoni. Watu wa pwani wanakuja na fulana, wanaishia kulala na mapazia.

Jumamosi

Zuhura: Alhamdulillah tumefika Muheza. Tulitoka alfajiri, jua lilipopanda tumeshavuka Pongwe. Mkonge pande zote mbili na Rayyan anauliza kila dakika nani aliyeupanda wote huu. Machungwa tumekula mpaka mikono inanata.

Hamadi: Mwambie Rayyan mkonge ni mgeni. Uliletwa na Mjerumani mmoja aitwaye Hindorf, mwaka huo huo 1893 aliotaja bibi. Miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu.

Rayyan (simu ya mama): 62 ndo imekuwa yote hiyo???

Hamadi: Ndiyo mwanangu.

Mjomba Seif: Salma hali?

Zuhura: Salma yuko mbele wakati wote. Baba yake anachezesha miguu kama cherehani.

Mjomba Seif: Nilimwambia.

Jumapili, saa 3 asubuhi

Baba Rayyan: Tupo Mombo njia panda. Kondakta alipakia zote nne, akazifunga kwa kamba ya mkonge, hakuna hata spoku iliyopinda. Tunaanza. Joto hapa ni la tanuri.

Mjomba Seif: Gia ndogo tangu mwanzo. Msingoje mpaka mchoke ndipo mbadilishe, cheni ikiwa imekazwa hairuki vizuri, itakatika. Baba Rayyan, ukiona huwezi, shuka. Hakuna aibu.

Saa 6 mchana

Zuhura: Tumepumzika chini ya mti, bado Soni. Kona hazina idadi. Kila ukimaliza moja unasema hii ndiyo ya mwisho, kumbe. Mto upo chini kulia unasikika tu. Watu wa huku wakarimu, kila anayetupita anampigia Salma makofi. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani ametupita mara mbili, maana sisi tukipumzika yeye hapumziki.

Shangazi Mwanaisha: Na Baba Rayyan?

Zuhura: Anakokota.

Shangazi Mwanaisha: Sijasema kitu.

Saa 9 alasiri

Shemeji Mbelwa (Soni): Wageni wamefika Soni salama. Wamepita maporomoko, wamepiga picha, sasa wapo kwangu wanakula viazi. Salma anatetemeka kwa baridi lakini hataki sweta, anasema sweta ni la Rayyan. Nimewaambia Lushoto kesho, leo walale. Imebaki kama nusu ya njia na ukungu umeanza.

Mjomba Seif: Umefanya la maana shemeji.

Jumatatu

Baba Rayyan: LUSHOTO. Saa 5 kamili. Phoenix nimeipanda kilomita nzima ya mwisho bila kushuka, Mbelwa ni shahidi, alikuwa nyuma na pikipiki.

Shemeji Mbelwa (Soni): Ni kweli. Ila kilomita hiyo ilikuwa tambarare.

Hamadi: 😂😂😂😂

Zuhura: Watoto wamesimama Irente wanaangalia tambarare ile chini, Rayyan anasema ametafuta bahari hajaiona. Nimewaeleza mji huu Mjerumani aliuita Wilhelmstal. Salma anasema jina baya.

Mwana: Bibi amefurahi mno. Anasema sasa rudini.

Jumanne usiku

Mjomba Seif: Kesho mnashuka. Someni hapa vizuri, na watoto wasomeeni, maana mlima wenyewe unaanza kesho. Kupanda mwili unakuzuia. Kushuka hakuna kinachokuzuia ila vipande viwili vya raba. Ukivibana mfululizo, rimu inachemka, na joto la rimu linaingia kwenye tyubu. Tyubu ikipasuka kwenye kona, basi. Kwa hiyo breki hazibanwi moja kwa moja. Bana, achia. Bana, achia. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Makalio nyuma kidogo kwenye siti. Kila baada ya muda mfupi mnasimama wote, hata kama hamjachoka. Msiiguse rimu kwa mkono, itawaunguza, na wala msiimwagie maji. Ngojeni.

Rayyan (simu ya mama): sawa babu

Mjomba Seif: Sasa Phoenix. Ile ina breki za vyuma na rimu za chuma. Rimu ya chuma ikilowa na ukungu breki inateleza juu yake kama sabuni, unabana na baiskeli inakwenda. Phoenix isishuke na mtu.

Baba Rayyan: Mjomba.

Mjomba Seif: Isishuke na mtu.

Baba Rayyan: Nimeikokota mlima mzima, nimeifikisha, kushuka ndiyo ipande gari?

Mjomba Seif: Ndiyo. Na ya Salma nayo. Mikono ya mtoto wa kilo 28 haiwezi kubana breki kilomita 33, vidole vitakufa ganzi kabla ya Soni. Hilo halina ushujaa.

Zuhura: Mjomba naomba nishuke mie na Rayyan peke yetu. Baba Rayyan ashuke na Salma.

Shemeji Mbelwa (Soni): Ipo gari ya mboga ya jirani yangu, inaondoka saa 4. Itawabeba na baiskeli mbili. Zuhura na Rayyan wasitoke kabla ya hapo, ukungu uinuke kwanza. Nitatangulia mbele na pikipiki niwapigie honi kwenye kona.

Zuhura: Salma analia.

Shangazi Mwanaisha: Mwambieni shangazi anasema atakaa mbele na dereva.

Zuhura: Amenyamaza. Anauliza dirisha lipi.

Jumatano, saa 7 mchana

Zuhura: Tupo Mombo. Alhamdulillah. Tumesimama mara nyingi kuliko kawaida ya mtu yeyote, madereva wa pikipiki walidhani tumeharibikiwa. Raba za breki ya nyuma ya Rayyan zimebaki nyembamba kama karata.

Mjomba Seif: Usiende popote na hizo. Za akiba nimewawekea kwenye mfuko mdogo chini ya siti yako, badilisha hapo hapo.

Zuhura: Tumeziona mjomba. Allah akuzidishie.

Shangazi Mwanaisha: Poleni na hongereni. Sasa Zuhura mwanangu, kwa kuwa mpo Mombo, nipitishie karoti za Lushoto kilo tano na kabeji mbili. Zifungeni kwenye keria.

Mjomba Seif: Hakuna kabeji kwenye keria. Muheza mpaka Tanga bado wanaendesha.

Shangazi Mwanaisha: Basi zipakieni kwenye basi la moja kwa moja mnipe namba ya basi. Nitazipokea mwenyewe Kange.

Baba Rayyan: Zimeshapakiwa shangazi, zipo juu ya Phoenix.