Ngome ya Hyrax Hill iko wapi? Nimepanda mpaka juu sikuiona

kijana_wa_njoro
Wadau wa Nakuru mambo. Jumamosi nilitoka na mdogo wangu tukaenda Hyrax Hill maana kila wikendi watu ni Menengai tu, Menengai tu, nikasema leo tubadilishe. Matatu ilituacha barabara kuu ya Nairobi tukatembea mpaka makumbusho, tukalipa, mtu wa kututembeza tukamkataa tukijifanya wajanja. Nilikuwa nimesoma kwamba juu kuna ngome ya kale. Sasa mimi ngome naijua ni ile ya Mombasa, ukuta mrefu na mizinga. Tumepanda mpaka kileleni, jasho, tukakaa kwa mawe fulani yamepangwa pangwa kama ya mtu alianza kujenga akaishiwa na pesa, tukala mayai boilo tukiangalia ziwa, pimbi wawili wametukodolea macho, ngome hakuna. Tukashuka. Ilibomolewa ama tulipanda upande mbaya? Na kama huku magharibi kuna ngome za ukweli niambieni, Desemba niko na likizo.

mama_free_area
Haki umenivunja mbavu 😂😂 hayo mawe mlikuwa mmekalia mkimenya mayai NDIYO ngome.

mzee_kifagio
Usimcheke, wengi hupita hapo hivyo hivyo. Mimi nilifanya atachi (mafunzo ya kazi) huko zamani kidogo na kila wiki kulikuwa na mtu wa kuuliza mizinga iko wapi. Kijana, ni mabaki ya ukuta wa mawe umezunguka kileleni, umeshabomoka sana, kwa hivyo usiangalie urefu, angalia vile mawe yamefuatana. Ukishaona mstari mmoja huwezi tena kutouona. Halafu simama ndani ya huo mviringo ugeuke polepole utaelewa kwa nini mtu achague hapo: unaona ziwa, unaona bonde lote, anayekuja na ng'ombe ama na mkuki unamwona kabla hajafika.

Na hilo ziwa, enzi za kale lilikuwa kubwa kuliko hivi, maji yalikuwa yanafika mpaka chini ya kilima. Nyinyi mnashangaa Nakuru kufurika miaka hii ya tangu 2010 mpaka geti la mbuga likamezwa, hiyo ni kidogo.

Kitu kinaniuma ni kwamba mlikosa vile vya chini. Mary Leakey, yule mwanaakiolojia, alichimba hapo 1937 na 1938, akapata makaburi ya wafugaji wa karibu miaka 3000 iliyopita, na wanawake wamezikwa na sahani zao za mawe, wanaume hapana. Upande ule mwingine wa kilima kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wengine wa kale, ila hao ni wa juzi ukilinganisha, miaka mia kadhaa tu. Mtu akiyaona anadhani ni mabwawa yamekauka kumbe ni zizi, walikuwa wanachimba chini ng'ombe walale humo, nyumba imeungana na shimo, na samadi inarundikwa nje ya mlango mpaka inakuwa kichuguu. Ukitaka kuiba ng'ombe lazima upitie mlango mmoja mwembamba. Kwangu mimi hiyo ndiyo ngome kuliko ile ya juu 😄

Pia kuna bao limechongwa kwa mwamba wenyewe, vishimo safu kwa safu. Mwambie mhudumu akuonyeshe, peke yako utalikanyaga.

mama_free_area
Bao nililiona! Wajaluo wa kundi letu wakasema ni ajua, Wakikuyu wakasema ni giuthi, tukabishana mpaka jua likatuchoma. Ongeza na vile vipande vyeusi vinang'aa kama chupa ya bia imevunjika, mtoto wangu alitia mfukoni tukarudishwa na mhudumu, ni vya kale na sheria haitaki utoke navyo hata kimoja.

nyar_migori
Kijana kama unataka ukuta wa kusimama kando yake ukajiona mfupi njoo kwetu, Thimlich Ohinga. Ohinga kwa Dholuo ni ngome yenyewe. Ni kama kilomita 46 kutoka mji wa Migori, barabara ya mwisho mwisho ni vumbi, beba maji. Kuta za mawe matupu hakuna simiti hakuna udongo, mahali pengine zinafika mita 4, na zimesimama tangu miaka ya 1500 hivi. Siri yake ni mawe makubwa nje, makubwa ndani, katikati wameshindilia madogo. Milango wameifanya mifupi makusudi, adui akiingia lazima ainame, na akiinama kichwa chake kimetangulia, unaelewa 😅. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018 lakini nikienda hukuta wageni wawili watatu tu.

kijana_wa_njoro
Wueh. Kwa hivyo nimelipa, nimepanda, nimekalia ngome, nikarudi nyumbani kuitafuta kwa simu. Asanteni sana, mzee_kifagio narudi Jumamosi ijayo na safari hii mhudumu namchukua. nyar_migori nitakutafuta Desemba, kuna boda ya kufika mpaka hapo? Na mama_free_area kabla hujauliza, maganda ya mayai tulishuka nayo.

nyar_migori
Boda ziko, patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, akikuacha huko utarudi na miguu.