Nimempata paka dume wa rangi ya chungwa, Mikocheni: nianzie wapi kumtafuta mwenyewe?

Tausi_Barazani

Habari za jioni wakuu. Kuna paka dume yuko kwenye baraza letu, leo siku ya nne. Ni wa rangi ya chungwa, kifua cheupe na soksi nyeupe miguu ya mbele. Si shume: akiitwa anakuja mkia juu, anajisugua miguuni, anakubali kubebwa. Manyoya ya shingoni yamelala kama palikuwa na mkanda, ila mkanda haupo. Hana jeraha na anakula vizuri. Ndani tuna paka jike na mtoto wa miaka mitatu.

Nitajuaje kama amepotea au ana kwake na anatembea tu? Chipu (kile kitu kidogo cha namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) inakaguliwaje hapa Dar? Na nikitangaza, nitamtambuaje mwenyewe wa kweli? Naumia nikiwaza kuna watu wanamtafuta, lakini pia sitaki kumkabidhi kwa yeyote atakayesema "ni wangu".

Kibaraza

Dada Tausi, kabla ya kumfungia ndani jaribu mkanda wa karatasi. Paka wengi wanaodhaniwa wamepotea wana kwao nyumba ya tatu, wanakuja kwako kwa sababu unawapa samaki.

Chukua karatasi ya A4, kata ukanda wa upana wa sentimita 3 kwa upande wake mrefu. Urefu huo unatosha shingo ya paka mkubwa na kubaki kidogo wa kupishanisha. Andika kwa kalamu ya kawaida, si ile ya wino wa majimaji maana umande wa usiku mmoja utaufuta: "Paka huyu ana mwenyewe? Tafadhali piga" na namba yako. Mvishe, vidole viwili vipite kati ya karatasi na shingo, kisha funga kwa kipande kidogo cha selotepu. Kidogo kweli. Karatasi inatakiwa ichanike akinaswa kwenye tawi au seng'enge. Usitumie kamba, utepe wala mpira: paka akijaribu kuuvua, taya la chini linanasia ndani, na hapo anaweza kufa.

Mwachie aende, mpe siku mbili hadi tatu. Akirudi na karatasi ileile na simu haijalia, hana mwenyewe hapo jirani, au mwenyewe hajui kusoma, kwa hiyo bado ulizia kwa mdomo. Akirudi shingo tupu, usifurahi haraka. Huenda imechanika yenyewe. Mvishe nyingine. Ikitoka mara mbili, kuna mkono wa mtu.

Ila njia hii inafaa kwa paka anayeondoka na kurudi. Kama siku zote nne hajatoka barazani, usiku na mchana, karatasi haitamfikia mtu. Huyo amepotea.

Dokta_wa_Mifugo

Nakubaliana na Kibaraza, lakini ana wasiwasi mmoja tu na mimi ninao mitatu: mtoto, paka jike, na barabara. Nianze na ukaguzi wa mwili, unaufanya mwenyewe hapo barazani.

Inua mkia utazame korodani. Kama kifuko ni bapa na tupu, amehasiwa. Kuna mtu alitoa pesa yake kwa ajili ya paka huyu, kwa hiyo mtafute kwa bidii. Isipokuwa ukiona ncha ya sikio moja imekatwa kwa mstari ulionyooka, kwa unadhifu: hiyo ni alama ya paka wa mtaani aliyekamatwa, akahasiwa, akarudishwa alikotoka. Kama korodani zipo, dume wa namna hiyo huzurura mbali akifuata majike, na anaweza kuwa na kwao kabisa. Na huyo jike wako kama hajafungwa kizazi, usiwachanganye hata saa moja, la sivyo baada ya siku 63 hadi 65 utakuwa na vitoto.

Chipu. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, kama milimita 12, kiko chini ya ngozi kati ya mabega. Haina betri na haionyeshi paka yuko wapi. Ina namba tu. Piga simu kliniki kwanza uulize kama wana kisomeo, maana si kila kliniki inacho. Vueni chochote cha chuma shingoni, kisomeo kipitishwe taratibu kikigusa manyoya, kwa mwendo wa nyoka, kutoka mabegani hadi kiunoni, halafu ubavu wa kulia, wa kushoto, na miguu ya mbele hadi kwenye viwiko. Chipu husogea. Wanaokosa chipu iliyopo mara nyingi wamepitisha mara moja mgongoni, haraka, wakamaliza. Rudieni.

Chipu za kiwango cha kimataifa zina tarakimu 15 na husomwa kwa kilohezi 134.2. Za zamani za Marekani zina tarakimu 9 au 10 kwa kilohezi 125, na visomeo vingine havizioni. Tarakimu tatu za mwanzo zikiwa 900 na kuendelea ni za mtengenezaji, si za nchi, kwa hiyo usikisie uraia wa paka kwa namba. Iandike namba yote, iangalie mara mbili, iingize kwenye tovuti za kutafutia namba za chipu, kama Europetnet ya Ulaya. Inafaa hata hapa, kwa sababu paka waliotoka Ulaya au wanaoandaliwa kupelekwa huko huwekewa chipu. Uingereza (England) imekuwa lazima kwa paka wa nyumbani tangu Juni 2024. Ukikuta namba haina jina, haina maana hana mwenyewe. Wengi huweka chipu wasiisajili, au hubadilisha simu.

Mengine kwa kifupi. Mtenge na jike wako siku 14, vyombo na beseni la mchanga vyake peke yake, nawa mikono ukitoka kwake. Mtoto asimshike kwa sasa. Akiuma au kukwaruza mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ushauri wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usimpe maziwa ya ng'ombe, wengi huharisha. Usimpe Panadol hata robo, inaua paka. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usiiguse kwake. Kifafa kinaanza ndani ya saa chache.

Tausi_Barazani

Asanteni sana. Dokta, kifuko ni bapa, na masikio ni mazima. Kumbe alishahasiwa! Hajatoka barazani tangu alipokuja, usiku yuko chini ya kiti. Sasa matangazo niyapeleke wapi hasa?

Mjumbe_Mstaafu

Anza kwa miguu, mwanangu, mtandao baadaye. Paka wa ndani akipotea mara nyingi hayuko mbali. Wengi wanaopatikana hupatikana ndani ya mita 500 kutoka kwao. Kwa hiyo piga hodi nyumba zote za mtaa wako, mbele na nyuma, pamoja na mtaa wa pili. Nenda asubuhi dada wa kazi wanapofagia uwanja, kwa sababu wao ndio wanaowalisha paka. Wenye nyumba wengine hata rangi ya paka wao hawaikumbuki.

Kisha waulize hawa: walinzi wa zamu ya usiku, muuza samaki anayepita na baiskeli (anajua kila geti lenye paka), kijiwe cha bodaboda, Mangi wa duka la kona. Usimsahau dalali. Muulize nani amehama au kuhamia mtaani miezi miwili iliyopita. Paka anapohamishwa hurudi nyumba aliyoizoea, akakuta wapangaji wapya, akaishia baraza la jirani. Hii naiona ndiyo sababu inayosahaulika kuliko zote. Uliza pia kama kuna gari la mizigo au la wageni lililolala mtaani siku za karibu, maana paka huingia kwenye injini yenye joto akashukia asikokujua.

Tangazo: PAKA AMEPATIKANA kwa herufi za kusomeka kutoka upande wa pili wa barabara, picha moja ya rangi, tarehe, jina la mtaa, namba ya simu. Namba ya nyumba usiweke. Litie kwenye nailoni mdomo ukitazama chini, mvua isiingie. Peleka ofisi ya serikali ya mtaa, dukani, gengeni, kliniki za mifugo, na omba litajwe msikitini na kanisani. Kwenye makundi ya WhatsApp tuma, halafu urudie baada ya siku tatu, ujumbe unazama. Ukitafuta matangazo ya waliopotea, rudi nyuma hata wiki sita, na usitafute "chungwa" peke yake. Watu humwita paka huyohuyo wa njano, wa dhahabu, wa kahawia, au "kama simba".

Kibaraza

Kuhusu kumtambua mwenyewe: tangaza picha ya ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili, tumbo na mkia viwe siri yako, na usiandike kuwa amehasiwa. Mtu akipiga, usimpe jibu ndani ya swali. Usiulize "ana doa jeupe tumboni?" Uliza "tumboni pakoje? mkia unaishiaje? alipotea lini, alikuwa anakula nini?" Kisha omba picha ya zamani au kadi ya chanjo.

Lakini tuwe waungwana. Wengi hawapigi picha paka wao, na hawana kadi. Mtu akieleza vizuri bila picha, nenda kwake uwaulize majirani wawili. Watoto wa nyumba hiyo watakwambia ukweli kabla hujamaliza swali. Na usimkatalie mtu kwa sababu paka hakumkimbilia. Paka mwenye hofu hujikunyata hata mbele ya aliyemlea.

Anayeomba "nauli" atumiwe kwanza, au anayedai amekutumia hela kimakosa umrudishie, kata simu. Makabidhiano yawe mchana, kliniki au ofisi ya mtaa, paka akiwa ndani ya tenga au kikapu chenye mfuniko uliofungwa. Si mikononi wala kwenye kiroba. Pikipiki moja ikilia, ataruka na mtaanza upya.

Dokta_wa_Mifugo

Nyongeza. Mwambie mwenyewe amfungie ndani wiki mbili, na kama wamehama, wiki tatu hadi nne, ndipo amtoe nje akiwa na njaa kabla ya chakula cha jioni ili awe na sababu ya kurudi. Wiki mbili za kutangaza kweli zikipita bila mtu, mtafutie nyumba, ila tangazo liache hadi mwezi utimie na uliyempa ajue mwenyewe anaweza kujitokeza. Tausi, kesho ukienda kupima chipu, wapigie kliniki saa mbili asubuhi kabla hawajajaa.