Fundi amepima nyumba nzima kwa dakika 25, anataka kutufungia pampu ya joto ya kilowati 12. Nikubali?

MwanaTanga, Leicester
Habarini ndugu zangu. Nyumba yetu ni ya matofali, imeungana na za jirani pande zote mbili, ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tunataka kuachana na boila ya gesi, tufunge pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la hewa ya nje na kupasha maji ya redieta, maadamu ruzuku ya serikali ya pauni 7,500 ipo. Fundi alikuja juzi. Sebule aliipima, vyumba vya juu akachungulia tu mlangoni, darini hakupanda. Nilimwambia huko darini tulitandika sufi ya kuzuia joto lisipotee, unene wa sentimita 27, na chumba cha nyuma kuta zake tumezivika kinga ya joto kwa ndani. Hakuandika. Leo kaleta bei: kilowati 12, redieta zote mpya. Chumba cha nyuma analala mama mkwe, ana yabisi ya viungo. Siwezi kumfanyia majaribio ya baridi.

FundiBomba, Reading
Dada, usisaini. Kazi yangu ni kufunga hizi pampu. Hesabu ya joto linalopotea hupigwa chumba kwa chumba: kuta, madirisha, sakafu, dari, na hewa inayopenya. Chumba cha kulala kwa kawaida hupigiwa nyuzi 18, sebule 21. Kwa mama, sema mapema unataka 21, maana redieta yake itabidi iwe kubwa zaidi. Pampu ikizidi mahitaji ya nyumba, inawaka na kuzima kila mara, inakula umeme na kuchakaa upesi. Na redieta zisihukumiwe kwa macho. Nguvu inayoandikwa dukani ni ya redieta iliyozidi joto la chumba kwa nyuzi 50. Ukiipelekea maji ya nyuzi 45, kama ya pampu, ileile hutoa kama theluthi tu. Nyingine zitatosha, nyingine hazitatosha. Je, aliangalia mabomba chini ya mbao za sakafu? Yakiwa membamba huenda yasipitishe maji ya kutosha.

ShangaziCardiff
Mwanangu, soma mita ya gesi. Chukua siku ya baridi ya kama nyuzi sifuri, nyumba ikiwa na joto kutwa kucha. Sisi, tukigeuza kuwa kilowati-saa, tulitumia 105. Zidisha kwa 0.85, maana boila nayo hupoteza, gawanya kwa saa 24: haifiki kilowati 4. Ongeza kidogo kwa siku kali zaidi. Tuliandikiwa pampu ya 10, tukakataa, tukafunga ya 5. Huu ni msimu wa pili na hatujavaa makoti ndani.

MwanaTanga, Leicester
Shangazi, ahsante sana. Siku yetu ya baridi ni 142, kwa hiyo ni kama kilowati 5! Kaka Fundi, mabomba hakuyagusa. Nimefunua zulia mwenyewe: ya shaba, membamba kama kalamu. Itabidi tung'oe sakafu yote?

FundiBomba, Reading
Hayo huenda ni ya milimita 10. Si lazima yote, dada. Mara nyingi ni redieta mbili tatu kubwa, au zilizo mbali, ndizo zinazohitaji bomba pana; hesabu ya kila chumba ndiyo itakayoonyesha zipi. Anza na cha mama. Na fundi wa pili akija, mpandishe darini kabla hujamkaribisha chai.