Jibu: Nahamia Lisbon kutoka Madrid. Je, Kihispania changu kitanitosha?

> Nimepata kazi Lisbon na nitahamia mwezi ujao na wanangu wawili. Kihispania nakimudu vizuri. Naomba wenyeji wa huko mnieleze kama kitanitosha ofisini na shuleni mpaka nitakapokijua Kireno.

Dada yangu, salaam nyingi, na hongera kwa kupata kazi.

Kihispania chako kitakufaa sana katika kusoma, lakini usiingie nacho ofisini kama vile ndiyo lugha ya nchi. Wareno wengi wanakielewa, ila kusemeshwa Kihispania kwao bila kuombwa radhi huwachoma, na jambo hilo lina historia. Mwaka 1580 Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania alitwaa taji la Ureno, na nchi hizo mbili zikawa chini ya mfalme mmoja kwa miaka 60, hadi Wareno walipoasi tarehe 1 Desemba 1640. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa mpaka leo, na uwanja wa Restauradores, utakaoupita mara nyingi katikati ya Lisbon, umepewa jina la hao waliourudisha uhuru. Hata Ngome ya Yesu kule Mombasa, ambayo sisi huihesabu kuwa ya Wareno tu, ilianza kujengwa mwaka 1593, Ureno yenyewe ikiwa chini ya mfalme huyo wa Hispania. Basi anza na "bom dia", sema kwamba bado unajifunza, kisha ndipo uchanganye.

Maneno yanayofanana nayo yatakuponza. Ukiulizia "oficina" utaelekezwa gereji, kwa kuwa ofisi ni "escritório". Ukikisifu chakula cha mwenyeji wako kuwa ni "exquisito", atasikia "esquisito", yaani cha ajabu ajabu. Na "polvo", ambalo kwako ni vumbi, hapa ni pweza.

Lakini ninalotaka ulishike kuliko yote ni siku za wiki. Wahispania wamebaki na majina ya kale ya mwezi na miungu, "lunes", "martes" na kuendelea. Wareno huzihesabu siku, kwa desturi ya kanisa ambayo mapokeo huihusisha na Askofu Martinho wa Braga, aliyewakemea waumini wake katika karne ya 6 kwa kuziita siku kwa majina ya miungu. Sisi pia tunahesabu, na hapo ndipo penye mtego: hesabu yetu huanzia Jumamosi, yao huanzia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu yetu kwao ni "segunda-feira", siku ya pili. Mwaka wangu wa kwanza niliandikiwa miadi ya kibali siku ya "quarta-feira". Nilisikia nne, nikaenda Jumanne. Mlinzi aliitazama karatasi, akanionyesha kidole tarehe, akanirudisha. Nilikuwa nimeombea ruhusa siku hiyo moja tu, kesho yake sikuruhusiwa kutoka kazini, na miadi mingine niliipata baada ya miezi mitatu.

Dawa yake ni Alhamisi. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, maana yake ni siku ya tano, na Waarabu huanza kuhesabu Jumapili kama Wareno. Basi "quinta-feira" ndiyo Alhamisi, ya tano kwa ya tano, na kutoka hapo utahesabu kurudi nyuma au kwenda mbele bila kukosea. Ukiona mlangoni pa duka au zahanati pameandikwa "2.ª a 6.ª", soma Jumatatu hadi Ijumaa.

> Wanangu wana miaka saba na kumi. Wataanzaje shule?

Hawataanza mikono mitupu. Meza ni "mesa", bendera ni "bandeira", parafujo ni "parafuso", leso ni "lenço". Yote tuliyachukua kwa Wareno walipokuwa pwani yetu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alishikwa na kiu siku ya kwanza darasani akasema "kopo", na mwalimu akamletea maji. Wako wamezoea "vaso", na hapa hicho ni chungu cha maua. Kitakachowasumbua ni sikio, kwa sababu Kihispania kina irabu tano za wazi kama zetu, ilhali Wareno humeza irabu zisizokaziwa, hata "telefone" utaisikia kama "tlfon". Wafungulieni redio ya Kireno nyumbani tangu sasa.

Saa pia mzirudishe nyuma kwa saa moja, na mtakula mapema kuliko Madrid.

Barua ya miadi yako ya kwanza ikikufikia, niandikie siku kama ilivyoandikwa, nami nitakujibu ni siku gani kabla hujaomba ruhusa kazini.