Ukoo wa Mzee Masalu, Kirumba

Mama Kulwa: Mwangaluka jamani. Kuna sauti inazunguka huku eti samaki wote wa Ziwa Victoria wana sumu ya zebaki tuache kula. Mi natoka soko la samaki Mwaloni saa hizi na ndoo nzima ya dagaa, nimwage?

Shangazi Milembe: Usimwage kitu. Tumelelewa na dagaa sisi

Mama Kulwa: Shangazi naogopa kwa ajili ya Neema, mimba ya miezi mitano

Neema: Nimeisikiliza mara mbili usingizi ukaniruka. Na juzi tu nimekula kichwa cha sangara mkubwa kweli

Rehema: Dagaa msimwage!! Ngoja niandike yote maana saa nne nina kipindi. Zebaki ikiingia ziwani inazama kwenye tope, bakteria wa humo wanaigeuza inakuwa aina inayoingia mwilini na haitoki upesi. Mwani unabeba chembe kidogo tu, dagaa na furu wanakula vitu vidogo kwahiyo na wao wana kidogo, sasa sangara anakula dagaa anakula furu anakula hadi watoto wa sangara wenzie miaka na miaka, na kila anachomeza zebaki yake inabaki kwenye nyama. Ndo maana maji ni yale yale lakini sangara mkubwa anazidi. Dagaa maisha yake mafupi hawahi kuirundika

Shangazi Milembe: Tukimkaanga akakauka haiishi?

Rehema: Hapana shangazi, imeshikana na nyama yenyewe, ukaange uchemshe umkaushe kwa chumvi awe kayabo ipo tu

Mama Kulwa: Mungu wangu

Rehema: Lakini tusikimbie samaki. Vipimo vingi vya ziwa letu vimekuta samaki walio wengi wako chini ya miligramu 0.5 kwa kilo ambayo ndo kiwango kinachotumika, wanaopanda ni wale sangara wakubwa. Neema we kula dagaa, kula sato, yale masangara makubwa yaache mpaka ujifungue na unyonyeshe umalize. Mtoto tumboni ubongo ndo unajengwa na hii kitu inavuka kondo la nyuma. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini, ugonjwa ukagundulika 1956, kuna kina mama walikuwa hawana dalili kubwa ila watoto wakazaliwa ubongo umeharibika. Hiyo huwa nikiifundisha naumia

Neema: Dada zebaki si ndo ile ya kukamatia dhahabu?

Rehema: Ndo hiyo

Neema: Baba Shija akitoka Geita huwa anakuja nayo imeshikana na dhahabu anachomea hapa nyumbani, kule machimboni anaogopa kuibiwa

Rehema: Anachomea wapi

Neema: Jikoni. Kwenye jiko la mkaa na kikaango

Rehema: Neema toka humo ndani sasa hivi na Shija umbebe

Mama Kulwa: Njooni kwangu

Deus: Shikamoo shangazi. Shemeji mbona ni kidogo tu, na dirisha huwa nafungua

Shangazi Milembe: Marahaba mkwe. Msikilize mwenzio

Rehema: Shemeji sikugombezi, nakuomba. Samaki anakupa kidogo kidogo, ule moshi ni kitu kingine kabisa, ukiuvuta karibu asilimia 80 inabaki mwilini. Unaganda ukutani, kwenye masufuria, kwenye nguo, na hauna harufu ya kukushtua. Mtoto wa miaka mitatu anacheza sakafuni hapo hapo. Na unaotoka dirishani ukishuka na mvua unaenda ziwani, unarudi kwetu kwa njia ya yule sangara

Deus: Hilo la ziwani sikuwahi kuliunganisha

Rehema: Kuna kile chombo cha chuma kinachofungwa, mvuke unapita kwenye bomba unapoa zebaki inarudi unaitumia tena. Hata hicho kitumike nje mbali na nyumba. Kikaango kisipikiwe tena na kisisuguliwe ndani. Kesho Neema na Shija kliniki wakaeleze hivi hivi bila kuficha

Deus: Nipo Busisi nakuja. Kikaango nakitoa mwenyewe. Neema nisamehe

Neema: Tumeshatoka. Shija analilia viatu vyake nimeviacha mlangoni

Mama Kulwa: Viache. Nawasha jiko, dagaa wenu wa nyanya au wa nazi?